Nasaba ya Mama: Mhadhara Baada ya Isha, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Mashekhe, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Mkomani na Langoni, na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pate na Manda kuja kusikiliza: ahsanteni sana.

Nyumbani kwetu, ndani ya kidaka, mna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni nasaba yetu, aliyoinakili babu kwa wino mweusi. Fulani bin fulani bin fulani, majina kumi na moja, na utotoni niliyahifadhi yote. Hamna jina la mwanamke hata mmoja.

Usiku huu nataka tuzungumze nasaba nyingine, ambayo hakuna mkono ulioiandika.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioshirikisha watu wengi, wakiwemo Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walisoma vinasaba (DNA), yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, vya watu 80 wa kale. Wengi walizikwa katika miji sita ya mwambao kati ya mwaka 1250 na 1800. Miwili ni ya kwetu hapa, Faza na Manda. Mingine ni Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengine walitoka Makwasinyi, kule bara karibu na mlima Kasigau.

Mtaniuliza, mfupa uliolala mchangani miaka mia sita unasomwaje? Joto letu na unyevu huu wa bahari huvila vinasaba upesi. Lakini fichani mwa fuvu, nyuma ya sikio, upo mfupa mdogo mgumu kama jiwe, na humo vinasaba hujihifadhi kuliko pengine popote mwilini. Hukwanguliwa unga kidogo tu, wa kukaa kwenye ukucha. Kinachopatikana ni vipande vifupi vifupi, mfano wa msahafu mkongwe uliochanika ukabaki na maneno matatu hapa, mawili pale. Vinasaba vina herufi nne, na katika vipande vya kale, mwishoni mwake, herufi C huharibika ikasomeka kama T. Kuharibika huko ndiyo alama ya ukale. Jasho la mtafiti lililodondokea mfupa jana halina alama hiyo, na ndivyo wanavyojua wamemsoma marehemu, hawakujisoma wenyewe.

Sasa sikilizeni walichokiona. Wengi wa wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Kiafrika, na vilipita hasa kwa wanawake. Fungu kubwa lililobaki ni la Asia, na katika hilo asilimia 80 hadi 90 lilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Uhindi nao umo, kidogo. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya 1500 damu ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuingia. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, wahenga waliotoka Uajemi, tukaambiwa ni hadithi za kujikweza, walikuwa na lao la kweli.

Wamejuaje nani alikuwa mama na nani baba? Mitokondria, visehemu vidogo vya seli vyenye vinasaba vyake, hurithiwa kwa mama peke yake. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba, na ile iitwayo Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Halafu ipo kromosomu X: mwanamke anazo mbili, mwanamume moja, kwa hiyo X husafiri zaidi na wanawake. Walipokuta Uasia ni mchache kwenye X kuliko kwenye kromosomu nyingine, ikabainika kuwa waliouleta ni wanaume.

Hapo ndipo nilipoiweka chini kalamu. Mgeni alikuja na kusi au kaskazi, akaoa, na watoto wakasema lugha ya mama. Kiswahili ni ndugu wa Kigiriama na Kipokomo mpaka leo. Na hapa Amu baba hujenga nyumba ampe binti yake, mume ndiye ahamiaye. Simwambii mtu kwamba kila ndoa ya zamani hizo ilikuwa ya hiari. Mfupa hausemi hilo. Tena wengi waliosomwa walizikwa karibu na misikiti, watu wenye uwezo. Mvuvi na mtumwa hatujawasikia sawasawa.

Lakini wale waliotuandikia enzi za ukoloni kwamba miji hii ilijengwa na wageni, Waswahili wakapangishwa ndani yake, hawana pa kusimama. Shanga, hapo kisiwani Pate, palikuwa na msikiti wa miti tangu karne ya 8, kabla ya kuchanganyika huku kunakoonekana mifupani. Mji ulikuwapo. Mama alikuwapo mlangoni, mgeni akapiga hodi.

Niliposoma utafiti huu nilikwenda kwa mama yangu, nikamwomba anitajie mama yake, na mama wa mama yake. Alifika wa nne akanyamaza. Huyo wa nne, akasema, aliletwa kwa jahazi kutoka Faza akiwa mwari, na kanzu moja na sanduku. Jina lake analo. Nimeyaandika yote manne kwa penseli pembezoni mwa karatasi ya babu, kwa sababu katikati hakukuachwa nafasi.