Malaria Inapofika Kichwani

Ndugu zangu, nianze na jicho. Mtoto amelala, hajitambui. Ukimbonyeza kifuani kwa kiungo cha kidole hausukumi mkono wako, wala halii. Daktari anamfunua ukope, anamulika ndani, na kule nyuma kwenye retina, utando wa jicho unaopokea mwanga, anaona mabaka meupe na vitone vya damu. Mishipa ya retina na ya ubongo ni ndugu, kwa hiyo anachokiona hapo ndicho kinachotendeka ndani ya fuvu.

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum kikishaingia kwenye seli nyekundu ya damu, huiotesha vinundu. Seli hiyo hunata kwenye ukuta wa mshipa mdogo, isije ikapita kwenye wengu ikaharibiwa. Hunata ya pili, ya kumi, mpaka damu inapita kwa shida. Wazazi wengi wakiambiwa malaria imepanda kichwani hudhani mdudu anautafuna ubongo. Hautafuni. Hubaki ndani ya mishipa, na madhara huanzia hapo.

Ubongo huvimba, na fuvu halitanuki. Shina la ubongo, lenye amri ya kupumua, husukumwa chini na kubanwa. Pumzi hukatika huku moyo ungali unapiga. Mwaka 2015 timu ya daktari Terrie Taylor, iliyofanya kazi Blantyre, Malawi, ilitoa matokeo ya picha za MRI, yaani picha za ndani ya ubongo zinazopigwa kwa sumaku, za watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo. Kati ya 143 waliopona, ni 39 tu. Na kwa hao waliopona, uvimbe ulipungua! Hilo linanipa moyo hadi leo.

Viungo vingine navyo havisalimiki. Damu hupungua mno, figo hulegea, sukari hushuka ghafla. Asidi ikijaa mwilini mtoto hupumua kwa kina na kwa kasi, ukadhani ni nimonia. Degedege nayo si lazima mwili mzima utikisike: nimewahi kuona kidole kimoja tu kikichezacheza, na macho yamekwenda upande. Ukikiona kidole hicho, usingoje kingine.

Dawa tunayo. Utafiti wa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali ulionyesha sindano ya artesuneti ikishusha vifo hadi asilimia 8.5, wakati kwa kwinini vilikuwa asilimia 10.9.

Ila kuruhusiwa kutoka wodini si kupona kabisa. Nchini Uganda, watoto waliougua malaria ya ubongo walipimwa tena baada ya miaka 2, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri au kukumbuka. Wengine hubaki na kifafa, wengine ulimi mzito, wengine masikio. Kwa hiyo mtoto aliyeugua hivi akiitwa asigeuke, msimwite mtukutu. Mleteni tumpime masikio.