Ukiulizwa Kazi Yako, Anzia Mbali

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za Makongolosi? Nikija hapa nimepita kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, nikawaona vijana weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Basi nianzie hapohapo.

Dhahabu yetu ya Chunya imelala kwenye mawe ya kwotzi. Ukiyasaga makavu unavuta vumbi lake, liitwalo silika, na silika hutia mapafu makovu na kuifungulia TB mlango. Hilo wengi mnalijua. Leo nina vumbi jingine, lenye umbo la uzi.

Asbesto ni jina la kibiashara la madini sita yanayochanika nyuzi. Lakini yapo madini mengine yanayochanika nyuzi vilevile, nayo hayamo kwenye hayo sita. Kule Libby, jimbo la Montana nchini Marekani, watu walichimba madini yaitwayo vamikulaiti tangu miaka ya 1920 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1990. Hakuna aliyeajiriwa kuchimba asbesto. Nyuzi zilikuwa ndani ya mwamba uleule, nyingi zikiwa za winchaiti na richtaiti, madini yasiyomo kwenye yale sita. Waliugua wachimbaji, wakaugua na wake zao waliofua nguo za kazi, hata watoto waliokuwa wakimkimbilia baba anaporudi jioni. Mwaka 2009 serikali yao ilitangaza dharura ya afya ya umma katika mji huo.

Kwa nini uzi? Mapafu yana chembe hai za ulinzi zinazomeza uchafu. Punje fupi humezeka. Uzi mwembamba ulio mrefu kuliko chembe yenyewe haumezeki: chembe huung'ang'ania, hufa, humwaga sumu yake pale, inakuja nyingine, nayo inakufa. Baada ya miaka 20, 30, hata 40, pale pamekuwa kovu, au saratani ya pafu, au ya utando unaolizunguka, iitwayo mesotelioma. Na aliyevuta nyuzi hizo huku anavuta sigara amejiongezea hatari ya saratani ya pafu maradufu na zaidi.

Baba yangu mdogo alitoka Rungwe akaenda Wenela, migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Lake lilikuwa vumbi la silika, lakini kuchelewa ni kulekule. Uzeeni alipewa dozi ya TB mara tatu, na makohozi hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Kwenye kadi zote, kazi: mkulima. Ni kweli, alilima migomba. Hakuna aliyemuuliza alifanya nini kabla ya migomba, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukiulizwa kazi, taja zote: kuchimba duarani, karasha, kuezua mapaa ya asbesto, kufua nguo za mume.

Naam, mama, nimekusikia, unauliza nguo za mume uzifueje. Nguo usizikung'ute. Mume azivulie kazini, wewe uziloweshe kwanza, ndipo ufue, na za watoto ziwe mbali. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi hizi. Maji kwenye jiwe kabla halijasagwa yanasaidia zaidi.