Fisi Katoka Wapi?

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji. Upepo wa Dodoma leo umetuonea; nimefunga madirisha yote na bado kuna vumbi kwenye maikrofoni. Kaka Yona amezoea kuuliza maswali. Leo anaulizwa yeye.

YONA: Umenitega, dada.

NEEMA: Mama katutoka mwaka wa pili huu, na wewe hujatoa shairi hata moja. Kulikoni?

YONA: Naanza, sifiki. Unajua mstari wa shairi la mapokeo una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, ile nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Mama hakwenda shule, lakini nilikuwa nikighani pale uani naye anapepeta mtama, nikikwama katikati ananipa utao bila hata kuinua kichwa. Sasa nina madaftari yamejaa nusu mistari.

NEEMA: Na ndiye aliyekusimulia Mtunya?

YONA: Ndiye. Ile njaa ya 1918 hadi 1920. Watu hudhani ni mvua tu. Mvua ilikatika, kweli, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vilikwisha kupita hapa: Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, wakaja Waingereza nao wakachukua. Ukame ulikuta maghala matupu. Mathias Mnyampala, yule mshairi wa ngonjera, mashairi ya majibizano, kazaliwa huku kwetu Ugogo mwaka 1917. Mtunya ilimkuta mtoto mdogo kabisa! Huwa najiuliza nyumbani kwao walikuwa wanampa nini.

NEEMA: Mama alisimuliaje?

YONA: Kama alivyosikia kwa bibi yake, na hakuongeza neno. "Tulichemsha ngozi ya kulalia, tukaila, usiku tukalala chini." Basi. Hakuna kilio, hakuna idadi ya waliokufa. Mimi kijana, nimejua vina juzi, nikaligeuza shairi la beti kumi. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Fisi katoka wapi?"

NEEMA: (anacheka) Kulikuwa na fisi?

YONA: Nilimtia mimi! Nilikuwa natafuta kina cha "si". Niliona aibu, dada, ungo wote wa mtama haukutosha kunificha. Ndiyo maana hili la kwake linanitisha. Kumbukumbu yenyewe inapenda kupamba, ukiiongezea na kina, utamwandika mama ambaye hakuwahi kuishi.

NEEMA: Tusomee ulipofika.

YONA: Nusu ubeti tu.

Mama kiti chako kipo, kando ya jiko la kuni,
Kata ya maji i papo, imening'inia ndani,
Na mbwa wako bado yupo…

(kimya)

NEEMA: Halafu?

YONA: Halafu hapo. Kina cha "ni" kinaniletea "hukungoja mlangoni". Mizani nane, imekaa vizuri, watu watalia. Lakini ni fisi yule yule. Yule mbwa hakumngoja mtu. Matanga hayajaanuliwa, keshajihamia zake nyumba ya pili kwenye makombo mazuri. Nilimchukia miezi mizima. Nikipita namkuta kajilaza, ananitazama kama ananidai.

NEEMA: Yuko huko mpaka leo?

YONA: Yuko, kanenepa. Na mama angecheka, ujue. Alikuwa akisema yule mbwa ana akili kuliko sisi.

NEEMA: Sasa si useme hivyo hivyo. "Na mbwa wako bado yupo, kahamia kwa jirani."

YONA: (anahesabu kwa vidole) Ka-ha-mi-a… kwa-ji-ra-ni.

NEEMA: Nane?

YONA: Nane.

NEEMA: Mimi si mshairi, kaka. Nimesema tu ulivyonieleza.

YONA: Ngoja. Kalamu yangu iko wapi? Usizime, acha irekodi. Rudia tena, polepole.