Makubadhi Mawili ya Kushoto

MWANAIDI: Karibuni tena. Athmani leo ameingia studio na makubadhi mawili, yote ya kushoto.

ATHMANI: Usinianze, dadangu. Juzi usiku nilikwenda maulidini, nikayavua mlangoni kama watu. Kutoka, nakuta moja langu na moja la mtu nisiyemjua. Yeye huko kwao ana mawili ya kulia.

MWANAIDI: Na akiwa anatusikiliza?

ATHMANI: Alete tu, sina ugomvi. Ila nilipokuwa nachechemea kwenda nyumbani ndipo mada ikanijia: Masunni na Mashia kuzuru mahali pamoja. Pale mlangoni jirani yangu Bohora, Mshia, naye alikuwa amevua chake. Viatu vyetu havikuulizana madhehebu.

MWANAIDI: Haya, twende Cairo kabla hujafungua duka. Mwaka 1153 Wafranki, wale wa vita vya Msalaba, wameizingira Asqalan, mji wa pwani ya Palestina. Wafatimiya, Mashia wa Ismailia, wakakihamishia Cairo kichwa kinachoaminiwa kuwa cha Sayyidna Hussein. Mwaka 1171 Salahuddin, Sunni, akaumaliza ukhalifa wao. Mashhadi ile, yaani jengo la ziara lenye kichwa hicho, angeifanya nini?

ATHMANI: Angeifunga.

MWANAIDI: Hakuifunga. Aliweka darasa la fiqhi humo humo. Mwaka 1183 akapita Ibn Jubayr, Sunni wa Andalusi, akawakuta watu wanalibusu kaburi, wanalizunguka, wanalia. Anataja pia jiwe jeusi ukutani, linang'aa mpaka unajiona kama kwenye kioo.

ATHMANI: Lingenionyesha aliyevaa kubadhi langu.

MWANAIDI: Athmani!

ATHMANI: Na Dameski je? Si katika Msikiti wa Umayya nako wanaonyesha mahali pa kichwa hicho hicho?

MWANAIDI: Ndiyo.

ATHMANI: Umeona? Kitu kimoja, wadai wawili.

MWANAIDI: Wee! Mjukuu wa Mtume unamlinganisha na viatu vyako?

ATHMANI: Astaghfirullah, nalinganisha wadai! Na hao hawapigani. Jirani yangu amekwenda Cairo, akasimama mbele ya dharihi la fedha, ule uzio wa kaburi, ambalo Mabohora wenzake waliliweka miaka ya 1960. Kushoto kwake Mmisri wa Kisunni, kulia kwake...

MWANAIDI: Usiseme kubadhi.

ATHMANI: ...mwingine wa Kisunni. Wote machozi.

MWANAIDI: Mimi nasema kulia pamoja si kushirikiana. Chukua Halab, yaani Aleppo ya Shamu, Mashhadi ya Hussein. Ilianza kwa ndoto ya mchungaji, Mashia wakaijenga. Ibn Abi Tayyi, mwanahistoria Mshia wa huko huko, anasimulia kwamba Salahuddin aliizuru akatoa dirhamu 10,000. Mwanawe al-Zahir Ghazi naye akaitunza. Maandishi ya mashhadi hiyo yanawasalia Maimamu 12 wa Kishia, kisha yanawatakia radhi Masahaba. Huo ni mji wenye Mashia wengi na mtawala Sunni anayetaka utulivu. Siasa hiyo.

ATHMANI: Siasa inachonga jiwe, haimwamshi bibi alfajiri kwenda kuzuru. Pangekuwa pa mtawala, angekufa napo pakafa.

MWANAIDI: Pasipo mtawala, mlango ungefungwa na wenye nguvu.

ATHMANI: Na watu wangekaa nje ya mlango, wakazuru hivyo hivyo.

MWANAIDI: Huna ushahidi.

ATHMANI: Nawe huna ushahidi kwamba walikuja kwa kuwa sultani karuhusu.

MWANAIDI: Sikusema walikuja kwa ajili yake! Nimesema waliachiwa waje. Viatu vyenu vilichanganyika kwa sababu mwenye nyumba aliwafungulia wote.

ATHMANI: Sasa nani kaleta viatu?

MWANAIDI: (anacheka) Mungu akusamehe. Sikubali, lakini.

ATHMANI: Wala mimi.

MWANAIDI: Hapa kwenye karatasi tulikuwa na mafunzo matatu, na Sayyida Nafisa, wa kizazi cha Mtume aliyezikwa Cairo, hatujamgusa kabisa.

ATHMANI: Muda?

MWANAIDI: Dakika moja.

ATHMANI: Basi nipe mimi. Kubadhi la kulia, ngozi ya kahawia, kisigino kimelika upande wa nje, kamba imeshonwa kwa uzi wa buluu. Aliye nalo, lake la kushoto ninalo mimi, nimelipangusa.