Pedi za Breki: Usisubiri Mguu Ukuambie

Asanteni kwa kuja. Kuna kauli madereva wanaipenda sana: "Breki zangu nzima, nikikanyaga zinashika." Anayesema hivyo hadanganyi, zinashika kweli. Shida ni kwamba breki za diski, zile ambazo pedi mbili hubana sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, huendelea kushika vizuri mpaka pedi iko ukingoni kabisa.

Sababu iko kwenye kalipa, kile kifaa chenye pistoni inayosukuma pedi zibane diski. Kadiri pedi inavyolika, pistoni husogea mbele kidogo kidogo na hairudi ilikotoka. Nafasi kati ya pedi na diski inabaki ile ile, na pedali inakomea palepale ilipokuwa ikikomea pedi zikiwa mpya. Mguu utahisi nini hapo? Breki za drami ni habari nyingine, leo siziingilii.

Kinachobadilika ni mafuta ya breki. Pistoni ikisogea mbele, mafuta hujaza nafasi iliyoacha nyuma, kwa hiyo kwenye kikopo kule chini ya boneti yanashuka taratibu. Wengi wakiona yameshuka wanaongeza, basi, wamemaliza. Siku fundi anaporudisha pistoni ndani ili aweke pedi mpya, mafuta yanapanda na kumwagika, na yakigusa bodi yanakula rangi. Yakishuka, kagua pedi kwanza, kisha tazama kama kuna panapovuja. Ukiongeza bila kukagua, umejifichia dalili.

Tuje kwenye macho. Pedi mpya nyingi huwa na milimita 10 hadi 12 za sehemu ya kusugua, iliyobandikwa kwenye bamba la chuma. Bamba lenyewe usilihesabu. Ikibaki milimita 3, badilisha. Kwenye magari mengi unaweza kumulika tochi kupitia matundu ya rimu ukaona unene wake bila kufungua nati hata moja.

Ila tazameni hizi mbili nilizoshika. Zimetoka kwenye gurudumu moja. Hii ya nje ni nene, ningeiona kupitia rimu ningesema bado sana. Hii ya ndani, upande mmoja umebaki kama ukucha, na upande huu chuma kimeanza kuonekana. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikauka grisi zikashika kutu, kwa hiyo ya ndani ikafanya kazi karibu peke yake. Ndiyo maana tochi haitoshi. Kila tairi likivuliwa kwa sababu yoyote, hata ya pancha, chungulia na ya ndani.

Masikio yanasaidia, lakini huchelewa. Pedi nyingi zina kijibati kinachogusa diski zinapokaribia kwisha, kikatoa mlio mkali na mwembamba. Usiuchanganye na kelele za asubuhi baada ya mvua. Hiyo ni kutu juu ya diski, na huisha ukikanyaga breki mara chache. Ukisikia mkwaruzo mzito wa kusaga, chuma kinakula chuma. Hapo umeshaongeza bei ya diski kwenye bili yako. Pedali ikitetemeka, kwa kawaida mwenye kosa ni diski. Taa ya dashibodi? Si kila gari lina waya wa kupima pedi, na lililo nao mara nyingi haliuweki kwenye magurudumu yote.

Mtu ataniuliza kilomita ngapi. Sitaji namba. Anayeshinda kwenye foleni na anayekimbia barabara kuu hawalingani, na za mbele kwa kawaida huisha kabla ya za nyuma, kwa kuwa ukifunga breki uzito wa gari unaegemea mbele. Magari ya haiburidi, yenye injini na mota ya umeme, pedi zake hudumu, maana mota nayo inasaidia kupunguza mwendo, lakini hizo hizo hukwama kwa kutu kwa kutotumika.

Ukibadilisha, badilisha kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande. Na kabla halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikaze. Pistoni zimerudishwa ndani, kwa hiyo mkanyago wa kwanza huzama hadi chini bila kushika kitu. Fundi makini atakuwa amekwisha fanya hivyo. Wewe kanyaga tena.

Gari lile pale limevuliwa gurudumu la mbele. Tochi ninazo, njooni wanne wanne.