Taranta: kodi inayokwaruza na sauti isiyohesabu mapigo

Wapenzi wa muziki, hamjambo. Nitaanza na gitaa, kwa sababu taranta, uimbaji wa flamenko wa Hispania, hutambulika kwa kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) moja tu, hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Shika uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 2. Uzi wa tano na wa nne ushike freti ya 4, wa tatu freti ya 3. Wa pili na wa kwanza uache wazi. Zinatoka F#, C#, F#, A#, B na E. Sikilizeni A# na B: zimeachana nusu toni tu, na zinalia kwa pamoja. Mkwaruzo huo ndio taranta. Kosa la kila anayeanza ni kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kama alivyozoea kushika F#. Nyuzi mbili nyembamba zikibanwa, kodi inakuwa safi na utamu wote umekwisha. Sauti ya mwimbaji ikiwa juu, funga kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, na uendelee na maumbo yaleyale; ukihamia ufunguo mwingine bila kapo, nyuzi hizo wazi hazitakufaa tena.

Uimbaji huu ni wa kusini-mashariki mwa Hispania, kwenye machimbo ya madini ya risasi ya Almería, Linares na La Unión iliyo jirani na Cartagena. Karne ya 19 wachimbaji wa Almería walihamia La Unión kufuata kazi, wakaja na fandango zao, nyimbo za kienyeji za Hispania. Huko waimbaji kama Antonio Grau Mora, maarufu kwa jina la Rojo el Alpargatero, aliyefariki mwaka 1907, walizisuka upya. Mwanawe, Antonio Grau Dauset, ndiye aliyemrithisha Antonio Piñana nyimbo hizo. Tangu 1961 La Unión ina tamasha la nyimbo za migodini, na tuzo yake kuu ni Lámpara Minera, yaani taa ya mchimbaji.

Tuje kwenye beti. Lina mistari minne au mitano, kila mmoja mizani 8, sawasawa na kipande kimoja cha shairi letu la tarbia. Tofauti ni kwamba kwa Kihispania mstari unaoishia kwenye silabi yenye mkazo huwa na silabi 7 zikahesabiwa 8. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hesabu hiyo hatuihitaji.

Lakini muziki unadai vifungu sita vya kuimbwa. Basi beti la mistari mitano hurudia mmoja, la minne hurudia miwili. Gitaa nalo linaacha F# na kuingia D: kifungu cha kwanza kinatua D, cha pili G, cha tatu D, cha nne A, cha tano D, na cha sita kinapita G kushuka F#. Mpiga gitaa asiyejua ramani hii hujikuta yuko A wakati mwimbaji anarudi D, na hapo hakuna pa kujificha.

Mapigo hayahesabiwi. Anayetaka mapigo aimbe taranto, ndugu wa taranta, wenye ufunguo uleule ila kwa mwendo wa 2/4, yaani mapigo mawili mawili, na ndio unaochezwa. Wengi huchanganya majina haya mawili. Ukisikia miguu ya mchezaji inashika mwendo, hiyo si taranta.

Kwa kuwa muda ni wa mwimbaji, gitaa hujibu kati ya vifungu, halimfukuzi. Mtego mkubwa uko kifungu cha sita: sauti hushuka nusu toni kwa nusu toni, mara nyingi ikikawia juu ya G. Usipige F# mapema. Shikilia G, mwache avute pumzi yake yote, na kodi ile yenye mkwaruzo uilete pale tu sauti inapotua.