Sufuria Haiingii Ndani Yake Yenyewe

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika licha ya mvua. Wengi wenu mmepita Kamukunji mkaona mafundi wa jua kali wanavyopanga sufuria: ndogo ndani ya kubwa, na hiyo kubwa ndani ya kubwa zaidi. Zipange utakavyo, hakuna sufuria itakayoingia ndani yake yenyewe. Prolog, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ninayoipenda na kuifundisha, wakati mwingine hukubali kwamba imeingia.

Moyo wa Prolog ni uoanishaji. Unaipa semi mbili zenye vigeu, yaani majina kama X na Y yanayosubiri kupewa thamani, nayo inatafuta kila kigeu kishike nini ili semi hizo ziwe kitu kimoja. Ukiipa baba(X, juma) na baba(ali, Y), itajibu kwamba X ni ali na Y ni juma. Ukiandika X = X hakuna taabu; kitu kinalingana na nafsi yake. Taabu ni X = f(X). Weka f(X) mahali pa X, unapata f(f(X)). Weka tena, f(f(f(X))). Hufiki mwisho. John Alan Robinson, aliyechapisha kanuni yake ya uoanishaji mwaka 1965, aliweka ulinzi: kabla ya kukipa kigeu thamani, kagua kama kigeu chenyewe kimo ndani ya thamani hiyo. Kikiwemo, kataa.

Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa kawaida huuruka ukaguzi huo. Sababu ni kasi. Kukipa kigeu orodha ya vitu 1,000,000 ni hatua moja tu. Kukagua ni kuipitia orodha yote.

Sasa tazameni gharama ya kuuruka:

mama(aliyemzaa(X), X).

Yaani aliyemzaa X ni mama wa X, awe X nani. Nauliza:

?- mama(Y, Y).

Je, yupo mtu aliye mama yake mwenyewe? Mtoto wa gredi ya kwanza atakwambia hapana. Prolog inaanza na Y = aliyemzaa(X), kisha inataka X ioane na Y, yaani X = aliyemzaa(X). Kwa kuwa haikagui, inapita. SWI-Prolog, programu ninayoendeshea Prolog, itakuonyesha Y = aliyemzaa(Y), yaani duara, na hapo angalau jicho linashtuka. Lakini lifiche swali ndani ya kanuni, yupo :- mama(Y, Y), yaani yupo ni kweli ikiwa mama(Y, Y) ni kweli, kisha uulize yupo. Jibu ni true, yaani kweli. Hakuna duara la kuonekana, hakuna onyo, na jibu ni uongo.

Niliwahi kupoteza wikendi nzima kwa jambo hili. Nilikuwa nimeandika foleni kwa mtindo wa tofauti ya orodha mbili, ambapo foleni tupu ni X-X na foleni ya mteja mmoja ni [mteja|T]-T, yaani orodha inayoanza na mteja na kuendelea na T, ukiondoa T. Programu ilikuwa inauliza kama foleni ni tupu, na kila mara inaambiwa ndiyo, mteja akiwa amesimama pale. Oanisheni hizo mbili kwa kalamu: T inakuwa [mteja|T]. Sufuria imejiingia.

Si kwamba duara halina kazi. Colmerauer mwenyewe, katika Prolog II, aliyakubali maumbo yasiyo na mwisho kuwa vitu halali, na yana manufaa yake. Ila huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachotaka. Kiwango cha Prolog cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, cha mwaka 1995 hakikufafanua matokeo ya X = f(X), lakini kilitupa unify_with_occurs_check kwa anayetaka ukaguzi. Naomba kila mwanafunzi hapa, anapojaribu programu yake kwenye SWI-Prolog, aandike kwanza:

:- set_prolog_flag(occurs_check, error).

Nimeiwasha kwenye kompyuta hii. Nauliza tena yupo, na safari hii inagoma palepale kwenye mstari wa mama, ikinionyesha kigeu kilichotaka kujimeza.